Kutoka City Hall hadi Kaloleni: Safari ya maktaba tatu za Nairobi

Jumapili ya leo tusiende mbali. Tusiende Naivasha kutazama viboko wala Malindi kuota jua. Tubaki papa hapa Nairobi, jiji ambalo wengi wetu hulikimbilia kila alfajiri kutafuta unga na kulikimbia kila jioni kuwahi matatu, bila kuinua macho kutazama kilicho chetu. Safari hii haihitaji hoteli wala mzigo mkubwa. Inahitaji nauli ya matatu, viatu vya kutembelea, na ikiwezekana mtoto mmoja au wawili wa kuandamana nawe.

Tunakwenda kuzuru maktaba tatu za umma. Moja iko katikati ya mji, na mbili ziko Eastlands. Ukizitembelea kwa siku moja utajifunza historia ya jiji hili kuliko ile unayoweza kuipata kwa kukaa kitako ukisimuliwa. Isitoshe, utapata jawabu la swali linalowasumbua wakazi wengi: mali ya umma ni ya nani hasa?

Tuanzie City Hall, mahali ambapo wengi hupajua kwa sababu ya foleni za leseni na ada za ploti. Toka hapo, tafuta Barabara ya Wabera iliyo jirani. Imepewa jina la Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo aliyeuawa mwaka 1963. Ifuate barabara hiyo kuelekea kaskazini. Utavuka Barabara ya Kaunda, kisha Kenyatta Avenue, na kabla jasho halijakutoka utafika Barabara ya Banda. Hapo Wabera inakoma. Mbele yako pamesimama jengo la mawe lenye nguzo nene na ngazi pana, na simba wawili wa mawe wakililinda. Kushoto kwako ni minara ya Msikiti wa Jamia. Hapo ndipo ilipo Maktaba ya McMillan.

Angalia ajabu hiyo. Ofisi ya wanaoliongoza jiji iko mwisho mmoja wa barabara, na maktaba kuu ya jiji iko mwisho wa pili. Ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Hata hivyo, kwa miaka mingi ilikuwa kana kwamba baina ya majengo hayo mawili pana jangwa zima.

JENGO LA KUMBUKUMBU

Sir William Northrup McMillan alikuwa tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuja nchini mwanzoni mwa karne ya 20 na kumiliki shamba kubwa huko Juja. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipokuja kuwinda mwaka 1909, alikuwa mgeni wake. McMillan alifariki mwaka 1925 na kuzikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk, au Kilimambogo kama tunavyouita wengi. Mkewe, Lady Lucie McMillan, aliamua kumjengea ukumbusho. Kwa msaada wa fedha kutoka wakfu wa Carnegie wa Marekani, maktaba hii ikajengwa na kufunguliwa mwaka 1931.

Ukipanda zile ngazi utaelewa ni kwa nini watu huduwaa. Dari iko juu, mbao ni nzito, na ukimya wa mle ndani ni wa aina yake ukizingatia kelele za magari zilizo hatua chache tu nje. Humo mna vitabu vya zamani, magazeti ya tangu mwanzoni mwa karne iliyopita na kumbukumbu za Bunge. Mtafiti anayetaka kujua bei ya ng'ombe ya enzi za ukoloni, au maneno ya mbunge fulani miaka ya sitini, anaweza kupekua hapa.

Hata hivyo, uzuri wa jengo usitusahaulishe lilijengwa kwa ajili ya nani. Hadi mwaka 1958, maktaba hii ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyejua kusoma, aliyelipa kodi ya kichwa na aliyebeba kipande shingoni, aliweza kufagia ngazi hizi, lakini hakuweza kuingia na kuomba kitabu. Mhindi naye hakuwa na nafasi. Mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru, Baraza la Jiji lilikabidhiwa maktaba na milango ikawa ya umma.

Ndipo ninapowaomba wazazi walio na watoto wasimame kidogo pale kwenye simba. Waelezeni watoto kwamba jengo hili lina sheria yake lenyewe ya Bunge, ya tangu mwaka 1938, ambayo katika vitabu vya sheria za Kenya ni Sura ya 217. Si majengo mengi nchini yaliyo na heshima kama hiyo. Lakini waelezeni pia kwamba sheria haizibi paa. Baada ya milango kufunguliwa, miaka ilipita na jengo likachakaa. Vitabu vilipata vumbi, kuta zikapauka, na vizazi vya wanafunzi vikapita nje vikidhani mle ndani ni ofisi ya serikali au makavazi ya watu waliokufa zamani. Mlango ulikuwa wazi, ila hapakuwa na wa kumkaribisha mtu ndani.

KISWAHILI KIKO RAFU GANI?

Kuna jambo jingine ambalo mwanafunzi wa Kiswahili anafaa kulichunguza akiwa humu au katika maktaba nyingine yoyote. Maktaba nyingi duniani hupanga vitabu kwa namba, kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876. Fasihi yote imewekwa katika namba za 800. Sasa tazama mgao wake. Fasihi ya Marekani imepewa 810 hadi 819. Ya Kiingereza ikapewa 820 hadi 829. Wajerumani, Wafaransa, Wataliano na Wahispania wakapata kumi kumi zao. Kilatini na Kigiriki cha kale vilevile.

Je, lugha nyingine zote za ulimwengu? Hizo zimerundikwa pamoja katika 890. Lugha za Kiafrika zimebanwa katika 896, na fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Yaani Mwingereza amepewa shamba zima, nasi tumepewa kipembe chenye nukta na tarakimu tatu. Hii ndiyo lugha ambayo mwaka 2021 UNESCO iliipa siku yake ya kimataifa, tarehe 7 Julai.

Simlaumu mkutubi anayetumia namba hizo, kwani ndizo alizofunzwa, na bila utaratibu vitabu hupotea. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ninalosema ni kwamba mtoto anayeingia maktaba kwa mara ya kwanza huangalia rafu, na rafu humfundisha kabla hajafungua kitabu. Akiona vitabu vya nchi za mbali vimejaa kuanzia sakafuni hadi darini, na vya kwao vimefichwa pembeni, atahitimisha mwenyewe kilicho muhimu na kisicho muhimu. Kwa hivyo, unapozuru maktaba, muulize mkutubi vilipo vitabu vya Kiswahili na vya waandishi wa Kenya. Swali hilo likiulizwa mara nyingi, huwa sababu ya vitabu hivyo kuagizwa.

LANDHIES HADI JOGOO ROAD

Sasa tutoke mjini. Panda matatu ya Jogoo Road. Utapita Muthurwa, ambako nyanya, mitumba na mikokoteni hugombania njia, kisha Barabara ya Landhies na kituo cha mabasi ya mashambani. Ukifika mzunguko wa City Stadium, Jogoo Road huanza. Wazee wa mji huu wanaikumbuka kwa jina lake la awali, Doonholm Road. Uwanja wenyewe wa City hauhitaji kuelezwa kwa mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards. Mwambie makanga akushushe hapo.

Mtaa wa Kaloleni uko hapo hapo jirani. Ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika na familia zao, wakati ambapo sehemu kubwa ya makao ya Waafrika mjini yalikuwa vyumba vya wanaume watupu, walioambiwa wake na watoto wabaki mashambani. Nyumba ni za mawe na mapaa yake ni ya vigae. Zimepangwa kuzunguka uwanja na ukumbi wa jamii, na miti imeachwa ikue. Ni katika ukumbi huo ambapo wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru, akiwemo Tom Mboya, walihutubia umma. Watu wa Kaloleni huuonea fahari ukumbi huo hadi leo.

Maktaba ya Kaloleni si jumba la nguzo na simba. Ni ndogo. Ukiwa umetoka McMillan unaweza kuidharau, na hapo utakuwa umekosea sana. Udogo wake ndio unaoiwezesha kukaa katikati ya nyumba za watu. Mtoto haombi nauli kuifikia, na mama hana haja ya kumsindikiza kuvuka Jogoo Road.

Fikiria maisha ya mwanafunzi wa sekondari katika mitaa yetu mingi ya Eastlands. Familia ya watu watano au sita iko katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Jikoni ni hapo hapo, na televisheni ni hapo hapo. Mdogo wake analia, jirani ana redio, na mlangoni pamepita mahubiri ya kipaza sauti. Meza ikiwepo, ni ya kulia chakula. Kisha mtihani wa kitaifa unakuja, na mtoto huyu anapewa karatasi ile ile anayopewa mwenzake aliye na chumba chake, dawati lake na taa yake. Tunapomwambia atie bidii, ni haki pia tujiulize, atie bidii hiyo akiwa wapi?

Basi maktaba ya mtaani si anasa. Kwa mtoto kama huyo, kiti kimoja, mwanga wa kutosha na saa mbili za kimya ni karo ambayo mzazi wake hakuweza kumlipia. Na si wanafunzi peke yao. Kijana anayeandika barua za kuomba kazi, mzee anayesoma gazeti, mtoto mdogo anayekuja kusikiliza hadithi Jumamosi, wote hao wana haja na mahali ambapo mtu anaweza kukaa bila kulazimika kununua soda.

MAKADARA NA MAPENZI YA KAZI

Rudi Jogoo Road uendelee mashariki hadi Makadara. Huko ndiko iliko maktaba ya tatu, inayoitwa pia Maktaba ya Eastlands. Hii na ile ya Kaloleni ni matawi ya McMillan, nayo yaliletwa huku ili huduma iwafuate wakazi badala ya wakazi kuifuata huduma mjini. Lakini yaliyolisibu jengo kuu yaliwasibu watoto wake pia. Kwa miaka mingi matawi hayo yalikuwa na paa bovu, viti vilivyovunjika na vitabu vilivyopitwa na wakati.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2017. Wanawake wawili wa Nairobi, Angela Wachuka, aliyekuwa mkurugenzi wa shirika la uchapishaji la Kwani Trust, na mwandishi wa riwaya Wanjiru Koinange, walianzisha shirika lisilo la faida liitwalo Book Bunk. Mwaka uliofuata walitia sahihi mkataba na Kaunti ya Jiji la Nairobi ili kuzikarabati maktaba hizi tatu. Wangeweza kuanzia mjini, penye nguzo na wapiga picha. Wao walianza na Kaloleni na Makadara.

Aidha, kabla ya kupaka rangi waliwauliza wakazi wanataka maktaba yao iwe ya namna gani. Hilo ni jambo dogo kwa kulisikia, lakini ni nadra katika miradi ya jiji letu. Mara ngapi tumeona choo cha umma kinajengwa mahali ambapo hakuna anayepita, au soko linajengwa na wachuuzi wanakataa kuhamia kwa sababu wateja hawafiki huko? Anayetumia kitu ndiye anayejua kinapouma. Katika maktaba za Eastlands, matokeo ya kuuliza yalionekana. Pakawa na nafasi ya watoto, mikutano ya wakazi, maonyesho ya filamu na vipindi vya hadithi, juu ya kazi ya kawaida ya kuazima na kusoma.

Mwishoni mwa Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya alifika katika maktaba hii ya Makadara. Wapo walioshangilia na wapo waliokunja uso. Mimi nilikumbuka mwaka 1931. McMillan ilipofunguliwa, mfalme aliyetawala koloni hili alikuwa George wa Tano, babu wa mama yake Charles, na mwana wa Makadara hangeruhusiwa kuvuka kizingiti. Sasa mfalme ndiye aliyekuwa mgeni, na watoto wa mtaa ndio waliokuwa wenyeji wake. Januari 2025, filamu iitwayo How to Build a Library, ya watengenezaji filamu Maia Lekow na Christopher King, ilionyeshwa katika tamasha la Sundance huko Marekani, ikieleza jasho la kazi hii yote.

NANI ATAENDELEZA?

Mgala muue na haki mpe. Wafadhili na mashirika wamefanya kazi ya kusifiwa. Lakini tusijidanganye kwamba jiji lenye watu 4,397,073, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, linaweza kutegemea hisani daima. Mfadhili hujenga, kisha huenda. Anayebaki kulipa mshahara wa mkutubi, bili ya umeme na fundi wa paa ni serikali ya kaunti, kwa fedha za walipa ushuru.

Katiba ya mwaka 2010 haikuacha shaka. Jedwali la Nne, sehemu ya pili, linataja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na makavazi, viwanja vya michezo na bustani. Kwa hivyo mkazi anayedai maktaba haombi sadaka. Anadai huduma iliyoandikwa katika sheria kuu ya nchi, sawa na taa za barabarani na zahanati.

Na dai hilo lina msimu wake, kama mahindi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wa mwelekeo wa matumizi kwa bunge la kaunti kufikia mwisho wa Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kati ya hapo, sheria inataka umma ushirikishwe. Matangazo ya vikao hutolewa, watu wachache huhudhuria, na kwa kawaida huzungumzia barabara na mitaro ya maji taka. Hayo ni ya haki kabisa. Lakini ni nani anayesimama kuuliza kwamba, katika wadi hii, mtoto atasomea wapi? Asipotokea wa kuuliza, mwakilishi wa wadi atakuwa na haki ya kusema kwamba hakusikia.

Kikundi cha wazazi kumi wenye barua moja iliyoandikwa vizuri kina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima ndani ya matatu. Andikeni mnachotaka: viti vingapi, saa za kufungwa ziwe ngapi, vitabu vya mtaala gani, choo kirekebishwe lini. Muulize pia fedha zilizotengwa mwaka uliopita zilifanya nini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na jiji hili limejenga kuta nyingi kwa sababu ya nyufa zilizoachwa.

Kuna njia nyingine ya kudai iliyo rahisi zaidi, nayo ni kutumia kilichopo. Maktaba tupu hushindwa kujitetea mbele ya anayepunguza bajeti, na hata mbele ya anayemezea mate kiwanja ilichojengwa. Maktaba iliyojaa watoto ina mashahidi. Kila jina linaloandikwa kwenye kitabu cha wageni ni hoja.

Kwa hivyo wazazi, wiki ijayo panga safari hii. Asubuhi McMillan, mchana Kaloleni, alasiri Makadara. Wape watoto nafasi ya kuchagua wenyewe kitabu, hata kama ni cha katuni. Nanyi wanafunzi wa vyuo mnaopita Barabara ya Banda kila siku mkielekea kwenye steji, siku moja pindeni, mpite kati ya wale simba, na mkifika ndani ulizeni ilipo 896.392. Mkiikuta rafu ina vitabu, someni. Mkiikuta haina kitu, Barabara ya Wabera iko mbele yenu, na City Hall haiko mbali.